Alama za Magurudumu

Msomaji, kama umepata kusafiri kwa gari kutoka Nakuru kwenda Eldoret, bila shaka waikumbuka sehemu ile ambapo barabara huyaacha mashamba ikaanza kupanda kuelekea Timboroa. Hewa huwa baridi, ukungu hutanda asubuhi, na abiria hufunga madirisha. Malori yatokayo Mombasa kwenda Uganda, Rwanda na Kongo hupanda hapo kwa mwendo mdogo mno, moja nyuma ya jingine, yakinguruma. Katika milima ya namna hiyo lami haidumu kukaa sawasawa. Mifereji miwili huchimbika mahali magurudumu yapitapo, na kando ya kila mfereji lami hufura ikawa tuta refu, mfano wa udongo wa mfinyanzi uliobonyezwa kwa kidole.

Nakumbuka jioni moja nilipokuwa bado mwanafunzi. Mwendesha pikipiki alitaka kulipita lori lililokuwa likipanda polepole. Gurudumu lake la mbele lililigusa tuta la lami kwa upande, pikipiki ikateleza, naye akaanguka mbele ya macho yetu. Mungu alimnusuru, akavunjika mkono tu. Wasafiri wengine walimlaumu yeye, wengine wakamlaumu dereva wa lori. Mimi niliondoka na swali jingine, ambalo halikunitoka hata leo nifundishapo katika chuo cha walimu: lami ile, iliyo ngumu kiasi cha kumchubua mtu ngozi, iliwezaje kufura kama unga uliokandwa, tena mahali penye baridi kuliko pote katika safari nzima?

Alama za magurudumu si jambo geni katika Uasin Gishu. Mwaka 1908 msafara wa Makaburu, kiongozi wao akiwa Jansen van Rensburg, uliondoka Nakuru na magari ya kukokotwa na maksai ukapanda msituni hadi kwenye uwanda huu. Ilikuwa ardhi ya malisho ya Wanandi na jirani zao, watu ambao miaka mitatu tu nyuma walikuwa wamempoteza kiongozi wao Koitalel arap Samoei kwa risasi za wageni; hawakuulizwa shauri. Mvua iliukuta msafara njiani, magari yakazama topeni. Gari la kwanza likipita huacha mifuo, la pili huizidisha, na la kumi haliwezi kupita tena. Dawa ya siku zile ilikuwa moja: dereva aliiacha njia ya zamani akapita kando yake, na hiyo ilipoharibika akapita kando zaidi, hata njia ikawa pana kama uwanja.

Mwaka 1910 posta ilifunguliwa katika shamba namba 64, na kwa sababu hiyo wazee wetu wangali wakiuita mji huu Sisibo, ingawa jina la Eldoret lilitolewa mwaka 1912. Reli ilifika mwaka 1924. Kwa muda mrefu mizigo mizito ilipanda Timboroa juu ya chuma, nacho chuma hakichimbiki mifereji. Baadaye, mwaka hata mwaka, mzigo ulihama kutoka relini kuja barabarani. Tena, tangu bomba la mafuta kutoka Nairobi lilipofika Eldoret mwaka 1994, mafuta mengi yaendayo nchi za ndani yamekuwa yakipakiwa hapa hapa katika magari ya tangi. Mji wetu hupokea mzigo kwa bomba na kuutoa kwa gurudumu. Basi shida ya gari la maksai ilirudi kwa sura nyingine. Ila mara hii dereva hawezi kuhamia kando, maana barabara ya lami hujengwa mahali pamoja, kwa fedha za umma, na aghalabu kwa deni ambalo wewe msomaji utalilipa ukiwa mtu mzima. Yampasa mhandisi ajue kabla ya kujenga jinsi lami itakavyobonyea. Atajuaje?

Kwanza tuijue lami yenyewe. Tabaka lile jeusi ni mchanganyiko wa vitu viwili. Kwa uzito, sehemu 95 hivi katika 100 ni kokoto na mchanga. Sehemu 5 hivi ni gundi nyeusi itokanayo na mafuta ghafi, iitwayo bitumeni. Kokoto huchukua mzigo na gundi huzishikanisha. Lakini gundi hii ina tabia ya ajabu, nayo ndiyo kiini cha habari yetu. Mwaka 1927 Thomas Parnell, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia, alitia katika faneli ya kioo kitu cheusi cha jamii hiyo, kigumu kiasi kwamba ukikigonga kwa nyundo huvunjika vipande. Alikiacha kitulie, na mwaka 1930 akaukata mdomo wa faneli. Kitu kile kilianza kudondoka! Hadi mwaka 2014 yalikuwa yamedondoka matone tisa tu, na Parnell mwenyewe alikuwa amekwisha kufa zamani. Ni kigumu au ni maji? Jibu ni kwamba inategemea umekipa muda gani. Ukikipiga ghafula ni jiwe; ukikingoja, ni asali. Na joto likiongezeka, kungoja kwenyewe hupungua.

Sasa turudi mlimani tufanye hesabu ndogo. Chukulia kwamba sehemu ya gurudumu la lori iliyogusa lami ina urefu wa sentimita 30. Lori likienda kilomita 80 kwa saa, hupita mita 22 kwa sekunde, na kwa hiyo kila nukta ya barabara huubeba uzito wake kwa muda wa sehemu 13 hivi katika 1,000 za sekunde. Lori lilo hilo likipanda Timboroa kwa kilomita 10 kwa saa, muda huo huwa mara nane. Uzito haukuongezeka hata ratili moja. Walakini lami imebanwa mara nane zaidi kwa muda, na yenyewe husahau ugumu wake kadiri inavyobanwa. Ongeza jua. Hewa ya Timboroa ni baridi, kweli, lakini uso mweusi hunywa mwanga wa jua la ikweta, ukawa na joto kupita hewa iliyo juu yake kwa digrii nyingi. Weka kiganja chako juu ya lami saa nane mchana wa mwezi wa Februari, kisha useme kama ni mahali pa baridi. Katika nchi tambarare za joto uso wa lami huweza kufika digrii 60 za sentigredi.

Hivyo fumbo langu la ujana lilifumbuka kwa nusu: mlimani lami hushindwa na joto, uzito na muda vikishirikiana. Nusu ya pili ni kuhesabu. Kujua kwamba kitu kitabonyea ni rahisi, hata mchungaji wa ng'ombe ajua. Kusema kitabonyea kwa sentimita ngapi baada ya miaka 10 ni kazi iliyowashughulisha watu kwa zaidi ya karne.

Mwaka 1885 Mfaransa Boussinesq alionyesha kwa hesabu jinsi uzito uliowekwa juu ya ardhi unavyosambaa chini yake. Hesabu yake ilidhani kwamba ardhi ni kitu kimoja kisicho na matabaka. Barabara ina matabaka, na ilingojea hadi mwaka 1943, alipotokea Burmister wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, akaandika hesabu za matabaka mawili na baadaye matatu. Zilikuwa hesabu sahihi na za kuchosha mno. Mtu mmoja mwenye kalamu angeweza kumaliza juma zima katika mfano mmoja, kwa hiyo zilikaa vitabuni zikingoja mashine.

Wakati huo huo Wamarekani waliamua kuiuliza barabara yenyewe. Karibu na mji wa Ottawa, katika jimbo la Illinois, walijenga mizunguko ya barabara kwa ajili ya majaribio tu, kisha tangu Oktoba 1958 hadi Novemba 1960 askari wa jeshi waliendesha malori juu yake usiku na mchana, wasiende popote. Ekseli zilipita zaidi ya mara milioni moja. Hapo ndipo ilipopatikana kanuni ambayo kila mhandisi wa barabara huijua: uharibifu hukua kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ukizidisha uzito mara mbili, uharibifu haukui mara mbili bali mara 16. Chukua kalamu ujaribu mwenyewe: ekseli iliyoruhusiwa tani 10 ikibebeshwa tani 13, uzito umezidi kwa sehemu 3 katika 10 tu, lakini 1.3 ukiizidisha kwa yenyewe hadi kipeo cha nne wapata karibu 2.9. Barabara iliyojengwa idumu miaka 15 itakwisha katika mitano hivi, kama malori yote yakifanya hivyo.

Kanuni hiyo ni nzuri, lakini naomba uitazame kwa jicho la mashaka, kama mwanafunzi mwema anavyopaswa kumtazama hata mwalimu wake. Illinois huganda kwa theluji wakati wa baridi. Udongo wa majaribio ulikuwa wa mahali pamoja na muda ulikuwa miaka miwili. Kanuni yenyewe haisemi neno juu ya mlima, wala juu ya jua, wala juu ya lori litembealo kwa kilomita 10 kwa saa. Mtu akiichukua kama ilivyo na kuitumia Uasin Gishu, atakuwa amehesabu vizuri barabara ya watu wengine.

Basi hapa nchi yetu inaingia katika historia, nami husikitika kwamba vitabu vyetu vya shule havilitaji jambo hili. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 watafiti wa maabara ya barabara ya serikali ya Uingereza, iliyokuwa Crowthorne, wakishirikiana na serikali ya Kenya na Benki ya Dunia, walichagua vipande vya barabara nchini Kenya, vya lami na vya changarawe, wakavifuata kwa muda wa miaka. Walipima mifereji ya magurudumu, mipasuko, na jinsi uso ulivyoparuza. Walihesabu magari, nao hawakuridhika na maneno ya wenye magari juu ya uzito wa mizigo. Waliyapandisha malori mizani, ekseli kwa ekseli. Walipima pia petroli na matairi yaliyotumika, ili ijulikane barabara mbovu humgharimu nini mwenye gari. Mwaka 1975 matokeo yalitiwa katika programu ya kompyuta iliyoweza kukisia hali ya barabara mwaka baada ya mwaka na gharama zake zote. Programu hiyo, pamoja na nyingine zilizofuata katika Benki ya Dunia, ilienea katika nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Hesabu zilizoamua barabara za mataifa ya mbali zilikuwa na vumbi la Kenya ndani yake.

Hata hivyo programu ile iliitazama barabara kwa nje. Ilikuwa kama daktari aulizaye umri na kazi ya mgonjwa kisha akisie siku zake, bila kumpima moyo. Kuingia ndani ya lami yenyewe kulihitaji mfano wa namna nyingine, nao nitaueleza kwa vitu vya jikoni na karakana.

Fikiri una kamani ya chuma na, kando yake, bomba lenye mchi ndani ya mafuta mazito. Ukiibonyeza kamani hushuka mara moja, ukiiachilia hurudi kamili. Ukiusukuma mchi wa bomba huenda polepole, na ukiuachilia haurudi. Lami ina tabia zote mbili. Katika miaka ya 1930 Mholanzi Johannes Burgers aliunganisha kamani mbili na mabomba mawili kwa mpango maalumu, na mpango huo, ingawa hapana kamani hata moja ndani ya lami, huiga vizuri jinsi lami ibonyeavyo: kwanza kushuka kwa ghafula, kisha kushuka polepole ambako baadaye hurudi, na mwisho sehemu ndogo isiyorudi kamwe. Hiyo isiyorudi ndiyo mzizi wa mfereji. Lori moja huacha sehemu isiyoonekana kwa jicho, lakini malori milioni huacha mfereji wa kumwangusha mwendesha pikipiki. Joto nalo huyafanya mafuta ya mabomba kuwa mepesi.

Sasa ongeza uvumbuzi uliotoka angani. Mwaka 1956 wahandisi wanne huko Marekani walitangaza njia ya kuhesabu nguvu katika bawa la ndege kwa kuligawanya bawa katika vipande vidogo, kila kipande kikihesabiwa peke yake na pamoja na jirani zake. Mmoja wao, Ray Clough, aliipa njia hiyo jina lake la Kiingereza mwaka 1960. Kwa mkono haiwezekani. Kwa kompyuta ni kazi ya kawaida. Barabara hukatwa hivyo hivyo katika maelfu ya vipande, kila kimoja kikapewa kamani zake na mabomba yake, joto lake la saa hiyo, na zamu yake ya kukanyagwa. Kisha kompyuta huendesha malori ya hesabu juu ya barabara ya hesabu, na katika saa chache huonyesha mifereji ambayo barabara ya kweli ingeichimba kwa miaka. Jambo ambalo hunifurahisha ni kwamba huonyesha pia yale matuta ya kando. Lami iliyosukumwa chini ya gurudumu haikupotea. Ilitambaa ikainuka pembeni. Nilichokiona jioni ile kilikuwa ndani ya hesabu.

Kati ya mwaka 1987 na 1993 Wamarekani walifanya utafiti mwingine mkubwa, wakaanza kuipanga bitumeni kwa joto iwezalo kulistahimili barabarani. Mojawapo ya madaraja hayo ni ya digrii 64. Sadfa tu, lakini wanafunzi wangu wa Sisibo hucheka kila nikiitaja. Kwa nchi za joto, mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2002 ulitia mkazo juu ya mahali pale pale palipotusumbua, yaani milima ambapo malori mazito hupanda polepole. Ulishauri kwamba mchanganyiko wa lami upondwe maabarani hata usiweze kushindiliwa zaidi, na bado ubakiwe na nafasi za hewa zisizopungua sehemu 3 katika 100. Sababu yake yaeleweka. Malori huendelea kuishindilia lami miaka yote. Hewa ikiisha, gundi hukosa pa kwenda, huzisukuma kokoto ziachane, na tabaka zima hutiririka.

Nimeisifu kompyuta, sasa niseme aibu yake, ambayo kwa kweli ni aibu yetu. Kompyuta haina macho. Huambiwa uzito wa malori, nayo husadiki. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 juu ya uzito wa magari yaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye magurudumu mawili kila upande, na tani 56 kwa gari zima lenye ekseli za kutosha. Mhandisi akiingiza tani 10, nayo malori yakapita na tani 13 kwa sababu mtu fulani amefumba jicho kwenye mizani, hesabu itatoka bila kosa lolote, na barabara itabomoka. Baadaye wananchi watasema mhandisi ni mjinga au lami ni mbovu. Huenda ikawa kweli pia, maana mkandarasi aweza kupunguza au kuzidisha gundi. Lakini mizani za Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye ni sehemu ya hesabu hiyo kama kamani na bomba. Mimi nathubutu kusema kwamba wale watafiti wa miaka ya 1970 walikuwa na hekima kuliko wengi waliowafuata, kwa kuwa walipima kwanza, kompyuta ikaja baadaye.

Mwaka jana niliwapeleka wanafunzi wangu kwenye uwanja mmoja wa kuegesha malori nje ya mji. Madereva walikuwa wakipumzika, wakatucheka kidogo, kisha wakatusaidia. Tulikuwa na ubao mnyoofu wa mita mbili na rula, basi. Tuliulaza ubao kukatiza njia ya magurudumu na kupima nafasi iliyo chini yake. Karibu na lango, ambapo malori huingia yakipita tu, nafasi ilikuwa sentimita 1. Pale yanapopunguza mwendo na kupinda, sentimita 3. Pale yanaposimama kutwa juani yakiwa na mizigo, sentimita 6, na tuta la kando lilitosha kumkwaza mtoto. Lami ilikuwa ile ile, malori yale yale, uwanja mmoja.

Mmoja wa wasichana aliziandika namba zote tatu katika daftari lake, akapiga mstari chini yake, akaniuliza kama kompyuta ingezikisia hivyo. Nilimwambia tutaona. Tuliporudi darasani tulianza na kamani mbili na mabomba mawili, kwa chaki.